Mkanda wa Babu

Hivi, ukweni kwako kuna kitu ambacho kila mtu anakiogopa lakini hakuna anayejua kilitengenezwa kwa kazi gani? Kwetu kilikuwa mkanda. Mume wangu amekua akisikia kwamba ndio uliomchapa baba yake. Mwaka jana, tulipokuwa tunapanga vitu vya marehemu babu kule Mshangano, Songea, akataka kuuchoma. Nikamwambia asubiri kwanza.

"Unautetea, Mama Neema?"

Wala. Niliona tu kwamba sio mkanda wa suruali. Hauna matundu wala bizimu. Ncha moja ina kulabu ya chuma, nyingine mshikio, na nyuma ya ngozi kuna tabaka la turubai. Ndugu msomaji, huo ni mkanda wa kunolea wembe! Wembe wa kukunja ukishatoka kwenye kinoo hupitishwa kwenye turubai, halafu kwenye ngozi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, ili makali yanyooke. Ukitanguliza makali unaichana ngozi. Gillette walipoanza kuuza nyembe za kubadilisha huko Marekani mwaka 1903, taratibu mikanda hii ikakosa kazi.

Huu wa kwetu ukapewa kazi nyingine.

Tukamuuliza baba mkwe. "Baba alikuwa kinyozi Peramiho," akasema. Peramiho ni kilomita kama 24 tu kutoka Songea mjini, pale Wabenediktini kutoka Ujerumani walipoanzisha misheni mwaka 1898. "Ulitulisha huo. Na ulinichapa pia. Yote mawili ni kweli, wanangu."

Mume wangu akauweka kiberiti chini.

Kuutengeneza hakukuhitaji fundi. Tuliufuta kwa kitambaa chenye unyevu na povu kidogo la sabuni, bila kuloweka. Tukaukausha kivulini, maana jua kali hukakamaza ngozi na kuipasua. Ulipokauka, mume wangu akausugua kwa msasa laini kabisa, kisha tukapaka mafuta ya ngozi, matone machache tu, kwa kiganja. Ukizidisha, ngozi inalegea. Mafuta ya kupikia usithubutu, yanachacha. Mpasuko mmoja wa pembeni haukuzibika, tukauacha ulivyo.

Kazi ya msasa ni ya polepole, na mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka. Siku hiyo mume wangu alinisimulia jinsi na yeye alivyokuwa akichapwa utotoni. Miaka sita ya ndoa, sikuwahi kuyasikia hayo. Ndipo tulipokubaliana: Neema hatachapwa, si kwa mkanda, si kwa mkono. Tumekuwa tukibishania jambo hili tangu azaliwe.

Kwa hiyo wewe na mwenzio, kabla hamjachoma kitu cha wazee, kaeni na aliyebaki anayekijua, mmuulize kilifanya nini. Muulizeni leo, angali yupo. Mkisikia yote, mtajua nyinyi wenyewe kipi cha kurithi na kipi kiishie hapo.