Senene wa kijani

Oktoba 2015 nusura uchaguzi univunjie familia. Wilfred Lwakatare wa Chadema alipotangazwa mbunge wa Bukoba Mjini, mume wangu alimpigia simu baba yangu, Kamachumu, kumtania. Baba ni CCM tangu enzi za TANU. Alijibu kwa upole kwamba kwao Muleba Kaskazini Mwijage wa CCM amepita.

Tarehe 29, Tume ya Uchaguzi ikamtangaza Magufuli kuwa Rais kwa asilimia 58.46, dhidi ya Lowassa. Zamu ya baba ikafika. Akapiga, mume wangu hakupokea. Wiki mbili mtu na mkwewe hawakusalimiana, mimi nikawa katikati, kila mmoja akidhani niko upande wa mwenzake.

Novemba senene wakaanguka. Baba akampa kondakta wa Hiace kifurushi, na kikaratasi ndani: "Nimemchagulia mkwe wangu wa kijani watupu. Ale hivyo hivyo."

Mume wangu alikisoma mara mbili, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaomba simu.

Ndugu msomaji, mbunge ni wa miaka 5. Mkwe hana muhula.