Mtango wa Yona

Muhula uliopita ilikuwa zamu yangu kusoma Biblia kanisani, na somo lilikuwa Yona, sura ya 4. Tulipotoka, mvulana mmoja wa kidato cha kwanza akaniuliza, "Kaka, mtango hutambaa chini, ulimpaje Yona kivuli?" Nikamjibu kwamba mambo ya Mungu hayaulizwi. Wenzangu wakacheka, naye akaenda zake ameinamisha kichwa.

Usiku ule sikupata raha, maana mimi mwenyewe sikujua. Kesho yake nikamwendea mwalimu wetu wa Dini, akaniazima kitabu kinene. Humo nikaona kwamba neno aliloliuliza yule mdogo limewasumbua watu kwa miaka zaidi ya 1,600.

Kwa Kiebrania mmea huo huitwa kikayoni, na neno hilo haliko popote katika Biblia ila katika sura hiyo moja. Waliofasiri kwa Kigiriki zamani waliandika mmea wa jamaa ya maboga. Lakini Mtakatifu Yeronimo, alipofasiri kwa Kilatini huko Bethlehemu, aliandika hedera, mmea utambaao juu ya kuta na miti. Basi matata yakaanza! Mwaka 403 Mtakatifu Agostino alimwandikia kwamba katika mji wa Oea, ndio Tripoli ya leo huko Libya, watu waliposikia neno hilo geni walifanya ghasia, hata askofu wao akakaribia kubaki bila waumini. Fikirini, ghasia kwa ajili ya jani!

Yeronimo alijitetea kwamba Kilatini hakina jina la mmea ule, na kama angaliliacha neno la Kiebrania, hakuna ambaye angalielewa. Alieleza kwamba una majani mapana, humea upesi, na husimama kwa shina lake wenyewe.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikaenda nyuma ya jiko la shule. Pale umesimama mbarika, ambao Waganda huuita nsogasoga. Majani yake ni kama kiganja kilichokunjuliwa, na mwanzoni mwa mwaka haukuwapo. Tena Herodoto aliandika kwamba Wamisri waliyaita mafuta yake kiki. Sikilizeni lilivyo karibu na kikayoni.

Mimi nashika upande wa mbarika. Hata hivyo Yona alikuwa amekwisha kujijengea kibanda, na mtango waweza kupanda juu ya kibanda, kwa hiyo siwalaumu sana waliofasiri Biblia yetu. Ila Yeronimo alilia kukosa jina, na Kiswahili kina mbarika, kina mnyonyo, kina na mbono!

Nilichuma jani moja nikampelekea yule mdogo bwenini, nikamwomba radhi mbele ya wale wale waliocheka. Akaligeuzageuza, akasema, "Asante, kaka. Na yule buu aliyeutafuna, alikuwa wa namna gani?"

Sasa tunamtafuta sote wawili.