Aliyechomoa Diski

Mwaka jana niliandika barua ya onyo kwa mtu asiye na kosa. Naeleza kisa hiki hadharani kwa sababu barua ile nayo ilisomwa mbele ya wenzake.

Fundi wetu wa kompyuta alichomoa diski ya nje kutoka kwenye seva ya idara. Papo hapo seva ikaanguka, na hesabu za mwanafunzi wa uzamili, zilizokuwa zikiendelea kwa siku tatu, zikapotea. "Mwalimu, nilifuata hatua zote," alijitetea. "Niliiondoa kwanza kwenye mfumo, ndipo nikaichomoa." Sikumsikiliza. Mkono wake ndio uliogusa mashine mwisho, na kwangu huo ulikuwa ushahidi tosha.

Miezi miwili baadaye seva ilianguka tena. Safari hii aliyechomoa diski nilikuwa mimi.

Ndipo nikaanza kuchunguza. Nilichukua kompyuta kuukuu, nikaijenga upya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, nikiwa nimewasha chombo kiitwacho KASAN. Chombo hiki hukamata programu inapogusa kipande cha kumbukumbu kilichokwisha kurudishwa, kisha hueleza nani alikiomba, nani alikirudisha na nani amekigusa. Nilichomeka na kuchomoa diski jioni nzima bila tukio lolote. Karibu na usiku wa manane, ripoti ikatokea kwenye skrini.

Haikumtaja fundi. Ilikitaja kiendeshi, programu inayoiwezesha kerneli kuwasiliana na diski. Kiendeshi kilikuwa na kazi ya kukagua hali ya diski kila baada ya sekunde chache. Diski ilipoondolewa, kiliifuta kazi hiyo kwenye ratiba na kurudisha kumbukumbu yake, lakini hakikusubiri ukaguzi uliokwisha kuanza umalizike. Mara chache sana, ukaguzi ulikuwa katikati ya kazi wakati nyumba inabomolewa juu yake. Tiba ilikuwa mstari mmoja tu: futa kazi, na kama imeanza, ingoje imalizike.

Ndugu msomaji, kilichoniuma zaidi si kasoro ile. Alipochomoa fundi, tulisema fundi ni mzembe. Nilipochomoa mimi, sote tulisema mashine ni mbovu, na hakuna aliyeniandikia barua. Cheo changu ndicho kilichoanzisha uchunguzi ambao ukweli wake haukutosha kuuanzisha.

Ndivyo tunavyoendesha mambo katika ofisi nyingi. Likitokea janga, tunamtafuta aliyekuwa karibu nalo. Tukimpata, faili linafungwa, na kasoro inabaki pale pale ikimsubiri mwingine.

Niliifuta barua ile katika kikao kilekile ilikosomwa, nikamwomba radhi kwa jina lake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi nilimnyonga kwanza, haki nikaja kumpa baada ya kuguswa mwenyewe.