Rimoti Kando ya Rozari

Mama aliponiona nashusha boksi kwenye bodaboda, aliniuliza kabla hata sijamwamkia vizuri: "Mwanangu, hilo panga litaning'inia juu ya kitanda changu?" Nilikuwa nimemwambia kwenye simu kwamba naleta pangaboi, naye katika neno zima alisikia panga. Majirani waliuliza lao: Kashozi na feni wapi na wapi? Hapa si Dar es Salaam. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Victoria liko jirani, na mvua haitunyimi. Bukoba, mji wetu wa jirani, hupata takribani milimita 2,000 kwa mwaka. Usiku wa Juni watu hujifunika blanketi.

Lakini sikuwa nimeleta upepo tu. Nilileta taa iliyo chini ya lile pangaboi, na rimoti yake.

Nyumba ya kwanza niliyolala maishani ilikuwa msonge wa bibi, katikati ya kibanja, migomba na mibuni imeuzunguka hivi kwamba jua la saa sita lilifika uani likiwa limechujwa. Paa la nyasi lilishuka mpaka karibu na ardhi, na sakafuni tulitandaza nyasi nyingine. Joto hatukulijua humo. Taa ilikuwa moja, koroboi, kopo lenye utambi wa kitambaa na mafuta ya taa, na ilikuwa na miguu. Bibi akienda nayo kuchungulia ndizi jikoni, sisi tuliobaki tulibaki na giza, kwa hiyo tulimfuata. Nakumbuka watoto watano tukiwa nyuma ya kitenge chake kama vifaranga, kivuli chake kikubwa kikitufuata ukutani.

Baba alipouza kahawa ya misimu kadhaa alijenga nyumba ya matofali yenye bati. Ilikuwa heshima kubwa, na mvua ya usiku ilipolipiga lile bati tulijiona matajiri. Ila bati likaleta kitu ambacho bibi hakuwa nacho: joto la mchana. Miezi ya Januari na Februari, kuanzia saa sita hadi jua linapozama, chumba cha mama kilikuwa kama tanuri. Nikiulizwa leo kwa nini Kashozi pawe na feni, jibu langu ndilo hilo. Nyasi tuliziacha, na bati linadai fidia yake. Taa nayo ilibadilika, ikawa chemli iliyotundikwa kwenye msumari sebuleni. Hapo ndipo tulipoacha kumfuata mtu na kuanza kufuata msumari.

Umeme ulifika kitongojini kwetu kwa mradi wa Wakala wa Nishati Vijijini, ambao kila mtu huuita REA. Kuunganishwa kulikuwa shilingi 27,000, fedha ambayo hata mjane aliweza kuitafuta. Mkoa wetu wa Kagera kwa miaka mingi haukuwa kwenye gridi ya taifa. Tulipata umeme kutoka Uganda, kwa njia ya kilovolti 132 inayotoka Masaka hadi Kyaka. Mimi jambo hili linanigusa kila nikilifikiria. Mto Kagera unamwaga maji yake ziwani, ziwa linayatoa Jinja kwenye Nile, Waganda wanazungusha mitambo nayo, kisha yalitufikia tena juu ya nguzo, yakiwa mwanga chumbani kwa mama.

Swichi ya balbu ya chumba hicho ilifungwa mlangoni, kama ilivyo kawaida. Kitanda cha mama kiko ukuta wa pili. Alipokuwa na nguvu hilo halikuwa neno. Magoti yalipoanza kumsumbua, kila usiku ilimbidi azime taa mlangoni, kisha apapase gizani hatua saba hadi kitandani. Akihitaji kutoka usiku wa manane, hatua zile saba alizihesabu tena. Usiku mmoja hesabu ilikosea. Alianguka, mkono ukavimba, naye akatuficha siku nne. Tukawa na umeme ndani ya nyumba, na mama anatembea gizani zaidi kuliko enzi za koroboi. Hilo lilinichoma.

Dari lilikuwa tayari kwa sababu ya msiba mwingine. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera, likaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Yetu ilipasuka ukuta wa chumba hicho hicho, ufa ukapita katikati ya swichi. Tulipojenga upya nilimwomba fundi seremala asitegemee branda za kubeba jipsamu. Aligongomea mbao ya mbili kwa nne kati ya kenchi mbili, akapitisha boliti, ndoano ikashika hapo. Nilimwambia aning'inie yeye mwenyewe. Aling'inia, mbao haikulia.

Pangaboi lenyewe nililikuta Kariakoo: mapanga matatu, injini ya wati 60, taa ya LED ya wati 24 yenye rangi tatu. Siri yake ni kijiboksi kidogo cheupe kinachojificha kwenye kikombe cha juu, karibu na ndoano. Upande mmoja zinaingia nyaya mbili, layini na nyutro. Upande wa pili zinatoka tatu: moja ya injini, moja ya taa, na nyutro wanayoshirikiana. Kijiboksi ndicho kinachopokea amri ya rimoti na kuamua nani apewe umeme. Waya wa kijani na manjano, wa ethi, haupiti humo. Unafungwa kwenye chuma cha pangaboi moja kwa moja.

Fundi wa kwanza, aliyetoka mjini, alifunga vizuri isipokuwa jambo moja. Ukutani aliweka regyuleta, ile ya kuzungusha namba moja hadi tano, "iwe akiba rimoti ikipotea." Ilionekana busara. Lakini kijiboksi kile kinataka volti 230 kamili, na regyuleta kazi yake ni kuzipunguza. Feni ikawa inanguruma bila kukaza mwendo, taa ikawa inapepesa, na siku ya tatu mama akanipigia: "Chumba kinanuka kama pasi iliyosahauliwa." Nilimwambia azime meini swichi, atoke nje.

Niliporudi nilimkuta kijana wa jirani aliyesomea umeme, tukapanda ngazi pamoja. Tulizima meini, naye hata hivyo akapima kila waya kwa testa. Akaniambia amekuta nyumba nyingi ambazo swichi imekata nyutro badala ya layini: taa inazimika, na waya juu bado ni mzima, unamngoja mtu. Yetu ilikuwa sawa. Tuliitoa regyuleta, tukaweka swichi ya kawaida ambayo haiguswi tena, inakaa imewashwa daima. Tukafunga kijiboksi kipya tulichokinunua Bukoba mjini, pamoja na rimoti yake. Tukarudisha umeme, na ndani ya sekunde chache nikabonyeza kitufe nikakishikilia mpaka taa ilipopepesa mara mbili. Vimeshatambuana.

Mama alikuwa amekaa kitandani, ameikunja mikono. Nikampa rimoti. Akabonyeza, taa ikazima. Akabonyeza, ikawaka. Alifanya hivyo mara sita au saba, bila kusema kitu, akiangalia juu. Kisha akachagua rangi ya manjano kati ya zile tatu, akasema inafanana na ya koroboi, na nyeupe inamfanya ajione yuko hospitali. Akauliza kuhusu gharama ya umeme wa LUKU. Tulipiga hesabu pamoja: feni saa kumi kwa mwendo wa juu haifiki hata uniti moja, ni sifuri nukta sita, na kwa mwenye matumizi madogo kama yeye uniti ilikuwa kama shilingi 122. "Basi hiyo naiweza," akasema. Rimoti akaiweka kwenye kisahani kando ya rozari, na ndipo inapokaa.

Novemba iliyofuata nilikuwa nyumbani senene walipokuja. Zamani mwanamke wa Kihaya aliwakusanya na kuwaandaa, lakini hakuwala. Mama huwala siku hizi, tena kwa furaha. Walianza kuingia kwa dirisha wakifuata taa, wawili watatu, wakaenda kujipiga kwenye mapanga. Mama hakuita mtu. Alinyoosha mkono kwenye kisahani, akazima feni na kuacha taa, mapanga yakapungua mwendo mpaka tukayahesabu. Wajukuu wakaleta beseni. Halafu akabonyeza tena, taa ikageuka kutoka manjano ikawa ile nyeupe kali asiyoipenda, na senene wakaongezeka.

"Fungueni na dirisha la pili," akawaambia.