Kikombe cha Nne

Msomaji, mimi ni mtu wa bara. Nilizaliwa kijijini karibu na Bungoma, nikasoma Kitale, mji ulioinuka zaidi ya futi 6,000 juu ya bahari. Utotoni nilidhani mto Nzoia huishia Mombasa, kwa kuwa reli yetu iliishia huko. Mwalimu akanisahihisha: Nzoia humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, na maji ya ziwa hilo hufuata Nili mpaka pwani ya Misri. Tangu siku ile nilitamani kuiona bahari isiyonywa maji ya mto wetu.

Haja yangu ilitimia mwaka 1965, nikiwa kijana wa miaka ishirini. Niliajiriwa kuwa msaidizi wa mpishi katika jahazi la Oman, mojawapo ya yale yaliyokuwa hayajatiwa mashine. Kwa karne nyingi biashara ile ilifuata pepo mbili. Kaskazi, ivumayo tangu Desemba mpaka Machi, ilivileta vyombo pwani yetu na tende na mazulia. Kusi, ianzayo Aprili, ilivirudisha kwao. Tulipitia Lamu, tukapakia boriti za mikoko na kujaza maji mapipa, kisha tukatweka tanga kwa safari ya maili zaidi ya 2,000.

Kusi ilikuwa haijakomaa. Siku ya sita upepo ulikatika, tanga likaning'inia kama nguo iliyoanikwa, na bahari ikawa shwari. Nahodha, mzee aliyejua Kiswahili vizuri, aliamuru kila mtu apate vikombe vitatu vya maji kwa siku, yeye mwenyewe akiwamo. Usiku wa nne wa shwari ile niliamka koo limenikauka. Nilinyata mpaka penye pipa, nikanywa kikombe cha nne.

Asubuhi nahodha alipima maji kwa kijiti, kama ilivyokuwa desturi yake, akatambua. Hakufoka wala hakuuliza. Alipokea kikombe chake cha kwanza, akakimimina pipani mbele yetu sote, akaenda kuketi kwenye usukani.

Msomaji, fimbo nimeionja shuleni, lakini haikuniuma kama kitendo kile. Mchana kutwa niliitazama midomo ya mzee yule ikipasuka kwa kiu. Jioni nilimwendea, nikaungama.

"Mwanangu," alisema, "hukuniibia mimi. Maji haya ni siku tulizobakiwa nazo kabla ya upepo kurudi. Umekunywa siku ya wenzako. Tangu kesho wewe ndiwe utakayegawa maji."

Nilikishika kikombe kile kwa mikono iliyotetemeka. Ndipo nilipomkumbuka mama yangu. Miezi ya njaa, kabla ya mavuno, mahindi ya mbegu yalikuwa yakining'inia juu ya meko, nasi watoto tukilala nusu shibe. Hakuyagusa, wala hakutupa ruhusa ya kuyagusa. Nilimwona bahili. Sikujua kwamba alikuwa akiulinda mwaka uliofuata, wala sikuangalia kuwa sahani yake ndiyo iliyokuwa tupu kuliko zetu.

Kusi ilitujia siku ya saba ya shwari. Tulifika Oman sote tukiwa hai, na pipa la mwisho lilikuwa bado na maji kiasi cha shibiri moja. Nilirudi Mombasa kwa kaskazi iliyofuata, nikapanda gari la moshi kwenda kwetu. Nilimweleza mama habari ya kikombe cha nne. Alicheka, akasema kwamba ningaliweza kujifunza jambo hilo jikoni mwake bila nauli.

Msomaji, huenda usisafiri baharini kamwe. Lakini iko siku utakabidhiwa ufunguo wa ghala, au sanduku la fedha za chama, na usiku hakuna atakayekuona. Siku hiyo kumbuka kwamba pipa hupimwa asubuhi, na kwamba yuko mtu atakayekaa na kiu kwa ajili yako.