Umeme Unaporudi

Kiswahili kimeufanya umeme uwe kama msafiri. Unaondoka, tunakaa gizani, halafu unarudi, na ukirudi usiku watoto wa mtaa mzima wanashangilia. Nililipenda neno hilo, kurudi, mpaka nilipoanza kutafuta jenereta ya nyumbani kwa mama, Mbagala. Insulini yake inakaa kwenye friji, na joto la Februari halina subira.

Kariakoo wanakuuliza kwanza: unataka ya kilowati ngapi? Hesabu yenyewe si ngumu. Jenereta ya kVA 3 kwa kawaida inakupa kilowati 2.4 hivi. Friji ikishatulia inakula kidogo, lakini kompresa inapoanza kuvuta inataka mara kadhaa ya hapo, kwa muda mfupi. Pampu ya maji vilevile. Namba kubwa kwenye boksi mara nyingi ni ya muda huo mfupi, siyo ya kazi ya kutwa. Na ukikuta mtumba uliotengenezwa kwa soko la Japani, soma kibao chake: volti 100, wakati nyumba zetu ni 230. Hiyo hata ukipewa bure ni ghali.

Hakuna muuzaji aliyeniuliza nitaiunganishaje na nyumba.

Fundi niliyempata alikuwa na jibu tayari. Waya wenye plagi pande zote mbili: moja kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya ukutani. "Dada, nyumba nzima inawaka. Wewe ukumbuke tu kuzima meni swichi."

Kukumbuka tu! Siku ukisahau, umeme wako unarudi kinyumenyume, unapita kwenye mita hadi kwenye transfoma, na transfoma haijui upande: ile inayoshusha volti 11,000 inaweza kuzipandisha tena. Juu ya nguzo kuna mtoto wa mtu ameshika waya, akiamini umekufa. Na ile plagi ya ukutani ikichomoka, vijino vyake viko wazi na vina umeme, kwenye nyumba yenye wajukuu wanaotambaa.

Nilichotaka ni chenjiova. Swichi ya I, 0 na II: gridi, katikati hakuna kitu, jenereta. Mkono wake hauwezi kukaa sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo haimtegemei mama kukumbuka chochote saa nane usiku. Basi tukaanza na swichi, jenereta ikaifuata: volti 230, soketi ya ampea 16, na upande wake tukaweka friji, pampu na taa peke yake. Pasi isubiri. Fundi alinung'unika kuhusu gharama, lakini kazi aliifunga vizuri, lazima niseme.

Ugomvi uliobaki ni wa mahali. Mama aliitaka koridoni, anaogopa wezi. Mimi namwogopa mwizi mwingine, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Tumeiweka uani, mbali na madirisha, kwa mnyororo na kufuli mbili. Ya pili kainunua mwenyewe, na ufunguo wake hajanipa.