Feni Iliyonyamaza Njiani



Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini gari la parokia lililala gereji mjini Njombe karibu majuma mawili mwezi Juni 2024, tukawa tunazifikia jumuiya za mbali kwa pikipiki za watu. Tunawajibu leo, ingawa jibu lenyewe halitupi sifa.

Wasomaji wetu wa pwani watastaajabu kusikia kwamba gari la Tanzania linahitaji hita. Lakini mji wa Njombe uko yapata mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti baridi yake si ya mzaha. Huko Makete jalidi huunguza viazi mashambani. Hita kwetu si starehe. Pumzi za watu wanne ndani ya gari lililofungwa zina unyevu mwingi, na unyevu huo ukigusa kioo kilichopoa hugeuka matone. Dawa yake ni hewa ya moto: maji yaliyopashwa moto na injini hupitishwa katika rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na feni husukuma hewa ipite hapo hadi kwenye kioo cha mbele. Feni ikifa, maji ya moto yapo, lakini hayana wa kukupelekea joto lake.

Mwezi Mei fyuzi ya feni hiyo ilikatika. Tukaweka nyingine, nayo ikakatika kabla ya juma kwisha. Hapo ndipo tulipokosa. Hatukuwa na fyuzi ya tatu, na Jumapili ilikuwa imekaribia, basi tukachukua kipande cha waya, tukakipachika mahali pa fyuzi. Feni ikazunguka. Tukajiona mafundi.

Usiku mmoja wa Juni, saa tano, alikuja baba mmoja kutuita: mkewe amezidiwa, anaomba Mpako wa Wagonjwa. Tuliondoka pamoja na katekista, baba huyo na kijana wake. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Kioo kilipoanza kufifia tulipandisha feni hadi mwendo wa nne. Ikavuma kidogo, tukasikia harufu ya plastiki inayoungua, kisha kimya. Mwendo wa kwanza, wa pili, wa tatu: kimya. Tulifuta kioo kwa kitambaa, kikafunga tena kabla mkono haujarudi kwenye usukani. Tuliteremsha vioo vya milango, tukaendesha kichwa kikiwa nje. Hata hivyo ilibaki kidogo tumgonge mzee aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye gunia. Katekista ndiye aliyepiga kelele. Baada ya hapo alishuka, akatangulia kwa miguu na tochi katika kona zote za bonde lile.

Tulifika saa nane kasoro. Mama alikuwa amefariki robo saa kabla. Tulisali pamoja na waliokuwapo, na baba yule akatushukuru kwa kuja.

Fundi wa kwanza tuliyempelekea gari alibonyeza swichi mara mbili, akasema mota imekufa, tununue mpya. Bei aliyoitaja ingemaliza sadaka za mwezi. Fundi umeme wa pili, mzee asiyependa maneno, alitoa taa ndogo ya kupimia yenye waya mbili, akatueleza kadiri alivyoendelea. Kama ingebaki mwendo wa nne peke yake, angeshuku rezista, kwa sababu miendo mitatu ya chini hupitia hapo nao wa nne huikwepa. Kwa kuwa miendo yote ilikufa pamoja, alianza kwenye fyuzi. Alipouona waya wetu alitutazama, asiseme neno. Taa iliwaka hapo. Iliwaka pia kwenye rilei. Kwenye plagi ya mota, chini ya dashibodi upande wa abiria, haikuwaka. Plagi ilikuwa imeyeyuka, nyeusi kama mkaa.

Sisi tulidhani ugonjwa umeonekana. Yeye akauliza: nini kilichoiyeyusha? Aliifungua mota, akaiunganisha moja kwa moja na betri ya volti 12. Iliguna bila kuzunguka. Ndani ya gurudumu la feni palijaa sindano za misonobari na kiota cha panya kilichofumwa kwa sponji ya kiti chetu. Majani huanguka katika tundu la hewa lililo chini ya kioo cha mbele, na gari hili la mwaka 1993 halina chujio la kuyazuia. Mota inayozunguka kwa taabu huvuta umeme mwingi kuliko kipimo chake. Ndiyo maana fyuzi zilikuwa zikikatika. Zilikuwa zikituambia. Kama plagi isingeyeyuka mapema, zingeungua waya zote, pengine na gari lenyewe.

Alisafisha gurudumu, akadondosha mafuta mepesi kwenye bushi, akabadilisha brashi za kaboni zilizokwisha kwa nyingine alizozichonga kwa msasa zikaenea. Plagi aliitoa kwenye gari bovu, akalehemu waya zake kwa risasi, na fyuzi akaweka ya amperi zile zile zilizoandikwa kwenye kifuniko cha kisanduku. Siku nyingi zilipotea kutafuta brashi, si kufanya kazi. Gharama haikufika robo ya bei ya mota mpya. Akatuonya pia juu ya kile kijiti cha hewa: sisi hukisukuma upande wa kuzungusha hewa ya ndani ili kukwepa vumbi, na usiku wa baridi huko ni kujifungia na pumzi zetu wenyewe.

Siku ya arobaini tulikwenda kuadhimisha Misa nyumbani kwa marehemu. Baadaye tulimwita yule baba kando ya migomba, tukamweleza habari za waya, bila kupunguza. Alinyamaza muda mrefu akikwangua udongo kwa kisigino. Kisha akauliza kama hita sasa inafanya kazi. Tulimjibu kwamba inafanya.

«Basi, Padre,» alisema, «Alhamisi mama mkwe ana siku yake hospitali, na lazima tutoke saa kumi alfajiri.»

Tulimpeleka.